Leseni Kabla ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimefeli tena. Mara ya pili. Mtahini, bwana mpole mwenye soksi za kijani, amesema nayumbayumba barabarani. Nikamweleza nakwepa mashimo. Akauliza mashimo gani. Nikageuka kutazama: lami nyororo kama meza. Ni mikono tu. Miaka kumi na minane nimeendesha lori la unga kwetu, mikono ikiona kivuli inakwepa yenyewe.

Kufeli si shida. Shida ni mama mkwe, anayetua Jumamosi. Mwaka mzima nimemwambia kwenye simu kwamba huku ugenini naendesha kila siku. Tangu nimwoe binti yake, anasema alimwoza kwa mtu wa maneno matupu. Akinikuta kwenye kiti cha abiria, nimekwisha.

Mke wangu ameshauri nimwambie mama yake ukweli. Ni muuguzi; kuwaambia wagonjwa ukweli kumemzoesha vibaya.

Jumanne, 4 Juni

Nitarudia mtihani Ijumaa. Mpango: kuijua njia yake mapema. Nimeazima baiskeli ya jirani nikalifuata gari la mtahini. Huku baiskeli zina njia yake na taa zake, vijitaa vidogo. Vikawa vyekundu. Hakuna gari, hakuna hata kuku. Watu saba wamesimama wanaitazama barabara tupu. Nikavuka. Bibi mmoja akaninyooshea kidole, akamweleza mjukuu wake jambo kwa upole. Mtoto akanitazama kwa huruma.

Gari likapotea. Nikarudi kungoja linalofuata. Kufikia jioni nilikuwa na kona sita za njia hiyo kichwani na misuli ya mapaja imekaza.

Jumatano, 5 Juni

Shemeji, mdogo wake mke wangu, amenipeleka mazoezini. Ana leseni, ana gari dogo la bluu, na ana dharau. Nikamwona kinyozi wetu kwenye kituo cha basi nikampigia honi. Kwetu honi ni salamu. Huku dirisha la ghorofani lilifunguliwa, mtu akauliza nani ameumia. Dereva wa mbele akaegesha, akashuka kukagua matairi yake. Shemeji akateleza kitini mpaka nikabaki naona nywele tu.

Halafu tukafika kwenye mzunguko wa barabara wenye njia tano. Kila mtu anampisha mwenzake. Nikaingia, kutoka nikashindwa. Tumezunguka mara nne. Shemeji akasema ya tano atashuka. Akaongeza, kwa sauti ya asali, kwamba nisijisumbue, yeye mwenyewe atampokea mama yake uwanja wa ndege. Nikatabasamu. Roho iliniuma.

Alhamisi, 6 Juni

Njia imekamilika: kona kumi na moja. Nimeipanga mezani kwa njiti za kiberiti. Mke wangu akarudi kutoka zamu, akachukua kona ya nane akawashia jiko. Akauliza kama isingekuwa rahisi kujifunza kunyoosha gari tu. Nikamjibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akakitazama kipara changu, akaendelea kupika.

Ijumaa, 7 Juni

Kona ya kwanza: barabara imefungwa! Vizibao vya njano, makoleo, mshale. Kona zangu zote zimebaki nyuma ya kizuizi.

Mshale ukatupeleka njia ya kando iliyochimbuliwa. Vumbi, kokoto na, jamani, mashimo. Mashimo ya kweli. Machozi yalinilenga. Gia ya pili, tairi moja ukingoni, nyingine kwenye tuta, tukapita kama maji huku magari manne yamekwama. Mtahini alikuwa ameshika kishikio cha mlango. Akakiachia. Akasema tangu aanze kazi hajaona dereva kama huyu. Tuliporudi kwenye lami, mikono ilikuwa imeshiba. Nikanyooka kama rula.

Nimefaulu. Shemeji amelazimika kuniachia gari. Kesho yuko kazini.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe ametua na masanduku matatu. Akakaa mbele. Nikaenda hamsini, kama kibao kinavyotaka. Akauliza kama tunasindikiza jeneza. Kisha akaguna ule mguno wake. Nikakanyaga mafuta.

Kwenye nguzo ya kijivu, mwanga! Kamera ya mwendo kasi. Mama mkwe akashtuka, akataka kujua ni nini kile. Nikamwambia huku mgeni wa heshima hupigwa picha akiingia mjini.

Akajitazama kwenye kioo. Halafu akalalamika kwamba kilemba kilikuwa kimekaa upande, nimrudishe apigwe tena. Mkwe hakataliwi. Nikazunguka, nikapita mbio zilezile, maana ukienda polepole haipigi. Akasema safari hii alifumba macho. Ya tatu alitabasamu vizuri sana.

Jioni amemwambia binti yake, nami nasikia, kwamba kumbe alipata mume. Miaka tisa nimeingoja kauli hiyo. Nikaenda msalani kufuta macho.

Mke wangu anasema leseni mpya hunyang'anywa kwa picha moja tu. Mimi ninazo tatu. Lakini gari ni la shemeji, barua zitakwenda kwake, na sanduku lake la barua halina kufuli. Mtu wa posta hupita saa nne. Nitazitoa kabla shemeji hajaziona.

Kesho mama mkwe anataka picha ya familia nzima. Nimekubali. Ninachotafuta sasa ni maneno ya kumshawishi shemeji akae nyuma, katikati, atazame mbele na kucheka.