Bunduki ya Marehemu Baba na Kongoni wa Harusi

Jumatatu, 6 Agosti 1934
Taya limevimba. Bunduki ya marehemu baba imenipiga tena. Nililenga fenesi, ikaanguka nazi ya jirani. Kosa si langu. Baba alikuwa mrefu, kitako kimechongwa kwa kipimo chake, nami nimefuata upande wa mama.

Shangazi Mwaija amekuja na salamu kutoka Kiwangwa kwa mkwe wangu, Mzee Bwanaheri. Mke wangu Sikuzani yuko kwao tangu mwezi uliopita, eti kwa sababu nilisema mbele ya wageni kuwa watu wa Kiwangwa ukiwatoa kwenye muhogo na mananasi hawana walijualo. Neno dogo! Mzee asema niende, niketi mkekani, nimwombe radhi mke wangu, kisha tuondoke pamoja. Niombe radhi! Mimi, Sultan bin Mbaruk!

Nimejibu kuwa siendi mikono mitupu. Tarehe 23 anaolewa Ashatu, mdogo wake Sikuzani. Nitaleta kongoni mzima. Watu wakishiba hawaulizi radhi. Mwaija akauliza kongoni huyo nitampiga kwa bunduki au kwa taya. Mwanamke huyu ana ulimi.

Alhamisi, 9 Agosti
Nimempa kazi Mgeni, mhunzi wa hapa Bagamoyo. Hujisifu kuwa alifanya kazi kwa Wajerumani. Sasa najua aliwatengenezea majembe. Nilimwambia apunguze kitako. Akachukua msumeno, hakupima, akakata. Kikawa kifupi mno. Akakirudisha kile kipande kwa misumari na bati! Nilipolalamika akasema mbao itazoea. Itazoea nini? Mpumbavu.

Tena nasikia Pazi naye ameahidi nyama ya harusi. Pazi ni binamu yake Sikuzani, na alimposa kabla yangu. Ana gobore limefungwa kwa waya, hushindilia baruti na vipande vya chuma chakavu. Najua anachokitafuta.

Jumatatu, 13 Agosti
Nimetoka Dar es Salaam juu ya lori la kopra. Mgongo hauna hali. Fundi wa huko hutengeneza saa, cherehani na bunduki, vyote juu ya meza moja. Alilitazama lile bati, akapiga miayo, akasema nirudi baada ya mvua za vuli. Nikamwambia nina harusi. Akanishauri nitumie mkuki.

Lakini akanitajia mtu. Pwani hii yote, asema, fundi wa kuaminika ni mmoja, Bwanausi wa Miono. Nikauliza habari zake njiani. Ni mjomba wake Pazi! Dunia hii imenipania.

Mpango ninao. Nitajiita Ramadhan, mvuvi wa Saadani, niliyechoka kula samaki.

Ijumaa, 17 Agosti
Miono tangu Jumatano. Bwanausi ni mzee mnene, mkali, mnusa ugoro, wala hamwachi mtu amalize neno. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku macho yakiwa kwenye bunduki. Akauliza ni nani aliyefanya unyama huu, maana anastahili kukatwa kwa msumeno uleule.

Alinipima kwa uzi kuanzia kiwiko hadi kidole, akanipima shingo, akanipima shavu. Akanifumbisha macho, akanipa fimbo nilenge nayo, kisha nifumbue. Mara kumi! Nilijiona mwehu. Halafu akachonga kitako kipya cha mninga, akakisugua mpaka kikang'aa.

Leo tumejaribu. Kifuu juu ya kichuguu. Nikapiga, kikapasuka. Kingine, kikapasuka. Bunduki imenikaa begani kama nilizaliwa nayo. Nililia kidogo. Nikasingizia ugoro wake.

Kisha akaharibu furaha yangu. Akasema bunduki hii sasa inaua kabla mnyama hajasikia mlio, kwa hiyo nikishapiga nikimbie na kisu mkononi, nisisimame kungoja sifa. Asiyewahiwa kuchinjwa yu hai ni kibudu, na kibudu hakiliwi na Mwislamu. Ananifundisha mimi! Nimesoma chuo cha Kurani nikiwa mtoto, nayajua hayo kabla yake. Aliponiaga alisema kwaheri Ramadhan, akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Jumatano, 22 Agosti
Kongoni! Nyuma ya mashamba ya Kiwangwa, amesimama peke yake. Nikapiga moja tu, ya shingo. Akaanguka palepale. Ingekuwa Baba yuko hai angeniita mwanangu.

Pazi naye alikuwa akiwinda upande uleule, nikamwita aje aone. Hakuitika. Nikapanda kichuguu, nikamwita tena. Alikuwa mbali bondeni, anamkimbiza pongo aliyechubuliwa paja na gobore lake, kisu mkononi, shuka limemponyoka kiunoni. Mtu mzima! Nikangoja amalize upuuzi wake ageuke anione nilivyosimama. Hakugeuka.

Nikashuka. Nikapitisha kisu. Damu haikuruka. Ilitoka kidogo, nzito, ikakoma. Jicho limeshakauka.

Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeniona. Mungu ameona, lakini Mungu husamehe. Pazi ndiye asiyesamehe. Wabebaji walipofika nikawaambia nimemchinja huku akirusha mateke, karibu anivunje mguu. Nikachechemea mpaka kijijini.

Alhamisi, 23 Agosti
Siku mbaya kuliko zote.

Pazi alimtazama kongoni, akagusa pale shingoni, akanishika mkono tukaenda nyuma ya jiko. Akanong'ona: shemeji, huyu ni kibudu. Akasema nitangaze mwenyewe kuwa nimechelewa, ajali hutokea, hakuna atakayecheka, pongo wake atatosha. Upole wake ndio ulionichoma. Nikamwambia ana wivu tangu siku aliyokosa posa. Nilisema kwa nguvu. Mzee Bwanaheri akaja. Mwalimu wa chuo akaja. Wapishi wakaja na miko yao.

Wabebaji wakaulizwa nilikuwa nachechemea mguu upi. Mmoja akasema mguu wa kulia. Mwingine akasema wa kushoto. Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alisema nilikuwa tayari kuwalisha wazee wake haramu, akanipa mgongo. Kongoni wangu akaburutwa akatupwa porini.

Pongo wa Pazi akakatwa vidogo vidogo, kila sinia la pilau likapata. Mimi nilikaa pembeni peke yangu. Sikuzani mwenyewe akaniletea sahani. Hajanisemesha tangu mwezi uliopita, akaniambia kula, mume wangu. Nikaikataa. Nyama ya Pazi! Akasimama kidogo, akaondoka na sahani yake. Nilikuwa na njaa.

Ijumaa, 24 Agosti
Nilifikiri yameisha. Leo kwenye kuaga wageni, Bwanausi, naye alialikwa harusini, akaniita mbele ya watu wote: Ramadhan wa Saadani, samaki hawajambo? Kumbe alinijua tangu mwanzo! Asema Pazi alisikia nimeuliza habari zake, akanitangulia Miono, akamwambia atakuja mtu mfupi mwenye taya bovu, naye amfanyie kazi safi kabisa, maana nyumba ya dada yake Sikuzani isivunjike kwa ajili ya kitako cha bunduki.

Sasa nimeelewa. Waliinyoosha bunduki makusudi! Walijua itaua palepale, walijua nitachelewa. Fundi mwenye nia njema angeacha kasoro kidogo.

Jumatatu, 27 Agosti
Nimepata habari za fundi mwingine, huko Saadani. Hutengeneza nanga na bawaba za milango. Mtu hodari, asiye na ndugu Miono. Nitamwambia aupinde mtutu kidogo, upande wa kushoto, mnyama apate jeraha tu, aanguke polepole, niwe na wasaa wa kumchinja mbele ya mashahidi.

Nimekutana na Mwaija nikifunga safari. Asema Sikuzani amemwambia baba yake kuwa yeye mambo ya kongoni hayamhusu. Amefunga vitu vyake, yuko barazani tangu alfajiri anatazama njia, anataka niende nimwambie neno moja, arudi nyumbani.

Nimemtuma Mwaija amwambie afungue mizigo. Mwezi ujao nitamletea nyama.