Baraza Juu ya Mtaro

Jumatatu, 14 Aprili

Mtaa mpya, nyumba mpya, kuta kila upande. Kule Michenzani nilikotoka nikipiga chafya, ghorofa nzima inaniombea. Hapa nimeumwa kichwa tangu Ijumaa, hakuna aliyejua. Mume wangu Hamid yuko Pemba kazini. Mwanangu Ummy bado mchanga, mazungumzo yake yote ni "bu".

Leo nimegundua ugonjwa wetu. Nyumba haina baraza! Nani atakuja kukaa? Atakaa wapi? Na mbele ya geti pana mtaro wa maji ya mvua, mpana, mtupu, unaomba kukaliwa.

Jumanne, 15 Aprili

Fundi Talib kakataa kunijengea baraza hapo. Eti manispaa imesema nyumba zote mpya ziache mtaro wazi, haramu kuziba. Nikamwambia sizibi, nafunika. Akauliza maji yapite wapi. Nikampa kipande cha bomba kilichobaki jikoni. Akalitazama, akanitazama mimi, akasema shemeji, hili la kuoshea vikombe. Nikamwambia ajenge.

Kajenga. Zuri, jamani!

Alhamisi, 17 Aprili

Baraza limekauka. Nimetandika mkeka, nimetoa birika la kahawa na kashata. Gari zinapita vioo juu. Kaja paka, kanusa kashata, kaondoka.

Alasiri kaja Bwana Ubwa, mkaguzi wa mitaro. Shikamoo. Marahaba. Akauliza baraza hili la nani. Nikasema si baraza, ni benchi, linahamishika. Akasema basi lihamishe, nione. Nikamlaza Ummy juu yake haraka, nikasema mtoto kalala. Ummy akamkodolea macho na kucheka. Msaliti!

Amri: nivunje kabla ya Jumapili, au watavunja wao. Lakini kakaa. Kanywa vikombe viwili, kasifu kashata, kakalia kosa langu mpaka adhana ya magharibi. Mgeni wangu wa kwanza.

Sivunji.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua! Bomba likaziba kwa mifuko, maji yakageuza njia, yakaingia kwa Bi Shariffa, jirani wa bondeni, ambaye sijawahi kumuona ila kanga zake kwenye kamba. Leo nimemuona. Kaja matope mpaka magotini. Kasema baraza langu limemtembelea jikoni, sufuria zinaelea, mimi nimekuja mtaani kuhamia au kuzamisha watu?

Nikasema karibu. Akasema hakuja kukaribishwa. Ummy akamnyooshea mikono, naye akampokea, na huku bado ananifokea.

Tukateka maji kwa ndoo. Nikampigia deki nyumba nzima. Akapika muhogo wa nazi. Kumbe mumewe kafariki, watoto wako Dar, na yeye mtaani humu hajui jina la mtu. Tukacheka mpaka Ummy akaamka.

Godoro la Bi Shariffa limeroa. Nimeona aibu. Lakini ndiyo siku yangu nzuri kupita zote tangu nihamie. Astaghfirullah.

Jumapili, 20 Aprili

Bwana Ubwa na vijana wake wamevunja. Nilisimama mbele ya nyundo. Bi Shariffa kanishika mkono, kanivuta kando kwa upole, kasema mwanangu, niache na mimi nilale pakavu. Nikawapisha.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mtaro unafanya kazi barabara. Maji yanapita mbele ya geti langu yanakwenda zake, hata hayageuki.

Nimefungua geti, nimefunga. Nimefungua tena. Bi Shariffa hakuja. Jikoni kwake pakavu, aje kufanya nini? Nimefikiri nikamgongee mwenyewe. Nikafika mlangoni kwake na Ummy begani. Akiniuliza nimefuata nini, nitasema nini? Nikarudi.

Ummy kalala. Nimekaa nautazama mtaro, na wazo limenijia. Vyungu vya mrehani! Si baraza, si benchi. Mmea una kosa gani? Harufu nzuri mtaa mzima, na Bwana Ubwa atasifu.

Nshampigia Talib anitafutie. Kauliza vya ukubwa gani.

Nimemwambia upana wa mtaro.