Nyambizi ya Munisagara

Jumatano, 1 Machi 1972

Nimeaibika mbele ya darasa langu mwenyewe.

Nilikuwa nawasomea wanafunzi wa elimu ya watu wazima habari ya wale wawili waliojifungia ndani ya tufe la chuma, mwaka 1960, wakashuka mpaka kwenye shimo refu kuliko yote baharini. Karibu kilomita kumi na moja! Giza tupu! Wakakaa chini kama dakika ishirini, wakarudi wazima. Nikauliza: na sisi je? Sisi tumefika chini ya nini?

Mwinshehe akanyoosha kidole. Huyu ni mtani wangu. Watu wa ukoo wake na wangu wamezikana na kutukanana tangu enzi za mababu. Akasema, kwa unyenyekevu wa uongo, kwamba labda Mwalimu aanze na lile lindi pale mto Mkondoa unapopinda, maana wazee wanasema halina chini: lilimeza behewa la Mjerumani na mpaka leo halijacheua.

Darasa likacheka. Nikasema hakuna maji duniani yasiyo na chini. Akaniuliza kama nimefika. Sijafika. Miaka arobaini na saba, sanduku zima la vitabu, barua tisa kwa wahariri, na sijui chini ya mto ninamooga kila siku!

Nikatangaza: Jumamosi, saa nne asubuhi, nitashuka na nitarudi na konzi ya tope. Sijui nilitangaza mimi au ilitangaza hasira.

Alhamisi, 2 Machi

Kanuni ni rahisi. Zamisha bilauri kichwa chini, hewa hubaki ndani. Nimejaribu kwa kikombe cha Paulina, mke wangu, ndani ya karai. Hewa ilibaki. Mkono wa kikombe haukubaki.

Ninachohitaji ni bilauri ya kunitosha mimi. Yaani pipa lililokatwa mfuniko. Hapa kijijini Munisagara liko moja tu: lile la zahanati, ambamo Odilia, mkunga wetu, huweka maji yaliyochemshwa kwa ajili ya wazazi.

Naandika hili polepole kwa sababu linauma. Binti yangu Magreti amekuja kutoka Morogoro kujifungulia nyumbani. Siku zake zimefika. Nami nimemwambia Odilia kwamba Kamati ya Afya inataka kulisugua pipa kwa mchanga, litarudi Jumamosi jioni. Kamati yenyewe ni mimi. Odilia akanishukuru. Nikatazama viatu vyangu.

Nikiwa nalibingirisha nikapita mbele ya Magreti. Shikamoo baba, pipa linakwenda wapi? Marahaba. Linakwenda kwenye maendeleo.

Ijumaa, 3 Machi

Pipa halizami! Limejaa hewa, hivyo linaelea kama bata. Nimelifunga magunia ya katani yenye mawe. Manne hayakutosha. Sita yakatosha.

Kamba atashika Mwinshehe. Ana nguvu, na nataka awe shahidi wa kushindwa kwake. Nikivuta mara tatu, anipandishe.

Paulina kasikia, kaacha kupepeta mchele. Akasema, Baba Magreti, mtani hapewi kamba. Mtani ana haki ya kukudai kitu kabla hajakutendea. Nikamjibu kwamba mila haifiki chini ya maji.

Barua ya kumi kwa mhariri iko tayari: “Nimetoka chini.” Nimeacha nafasi ya kujaza kina.

Jumamosi, 4 Machi

Laiti ningekufa kweli.

Saa nne kijiji kizima kilikuwa ukingoni, hata waliopaswa kuwa shamba la ujamaa. Nikavua koti na miwani, nikampa Mwinshehe anishikie. Nikaingiza kichwa na mabega ndani ya pipa. Likazama nami.

Giza. Harufu ya dawa ya zahanati. Pumzi yangu ikinirudia usoni. Masikio yakauma. Kisha nyayo zikagusa tope. CHINI IPO! Nilipiga kelele, nikajisikia peke yangu. Nikachota konzi yangu. Nikavuta kamba mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Kimya. Mara kumi na nne!

Yaliyokuwa yakitendeka juu nimesimuliwa baadaye. Mwinshehe alifunga kamba kwenye mti, akakaa kitako, akatangaza kwamba mtani havutwi bure, atoe kwanza jogoo. Nilipovuta mara tatu, akawaambia watu nimekubali jogoo watatu. Nilipovuta tena, wakafika sita. Nilipovuta mara kumi na nne akatikisa kichwa, akasema hakujua kama mtani wake ni mkarimu kiasi hicho.

Hewa ikaniishia. Nikajichomoa, nikaibukia kwenye matete, hatua ishirini kutoka walipo. Nikafungua konzi. Maji yalikuwa yameosha tope lote.

Hapo ndipo nikasikia matanga yangu. Mwinshehe kavaa koti langu, kavaa miwani yangu, kidole juu, na sauti ni yangu hasa: “Ndugu wananchi! Nimekufa kwa sababu hamkusoma barua zangu! Nizikeni, lakini kwanza leteni jeneza nilisahihishe!”

Watu wakagaagaa. Paulina akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe alikwisha kuona upara wangu kwenye matete, akaninyamazia.

Hivyo ndivyo nilivyo? Nilikaa majini nikijiuliza. Hivyo ndivyo nilivyo.

Tukalivuta pipa watu wanane. Mawe yalikuwa yamenasa topeni. Kamba ikakatika.

Jioni nilikwenda zahanati mikono mitupu. Odilia hakupaza sauti. Aliuliza tu: “Mwalimu, kamati imelisugua mpaka likaisha?”

Jumapili, 5 Machi

Magreti ameshikwa na uchungu asubuhi, watu wakiwa kanisani.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani, Mkondoa mwekundu kama udongo wa matofali. Odilia alikuwa na birika moja la maji. Basi. Maji safi yako kwenye tangi la stesheni, maili mbili. Nikachukua mzega, mti wa kubebea begani, na madebe mawili, nikakimbia.

Safari ya pili nikamkuta Mwinshehe njiani na mzega wake. Nikajiandaa kwa utani. Hakusema neno. Akashika debe langu moja lililokuwa likimwagika, akalisawazisha, akatangulia. Mtani akinyamaza, ujue mambo yameharibika kweli. Tulikwenda na kurudi hivyo hivyo, na kila tulipokaribia zahanati nikasikia sauti ya mwanangu, na kila mara Odilia akatoa ndoo tupu mlangoni bila kunitazama.

Bega limechubuka. Sistahili hata kulionea huruma.

Safari ya tano, kichanga kikalia. Wa kike. Mzima. Mama yake mzima. Mwinshehe akatua mzega, akajifuta uso, akasema: “Jogoo ishirini, mtani. Sijasahau.”

Nikalia mbele za watu.

Jumatano, 8 Machi

Nimesimama barazani nikaomba radhi. Kwa maneno machache! Watu walitazamana. Baiskeli yangu nimeibadilisha na pipa kutoka shamba la katani, nimelisugua mwenyewe, kweli safari hii, na Odilia amelipokea. Nimemshika mjukuu wangu, nikaapa mbele ya mama yake kwamba sitagusa tena mali ya zahanati. Nilimaanisha kila neno.

Lakini nimekaa nikawaza.

Lile pipa la kwanza bado liko chini. Ni mali ya umma! Kuliacha lioze topeni ni ubadhirifu mtupu, na mimi si mtu wa kunyamazia ubadhirifu. Lazima mtu ashuke akalifunge kamba mpya. Hawezi kushuka bila hewa. Hewa haikai ila ndani ya pipa. Na pipa, kijiji hiki, ni moja.

Mwinshehe hatashika kitu. Nimepata Mgogo mmoja wa stesheni, hana utani na ukoo wetu, nimemuuliza mara mbili.

Odilia huenda kula saa saba. Hurudi saa nane. Saa nzima!