Nilivyofuta Kodi ya Mlango Wangu Mwenyewe

Alhamisi, saa nne na robo asubuhi. Hapo ndipo nilipoanza kuumbuka, ila sikujua. Wakati huo nilidhani nang'ara!

Mnanijua. Mimi ndiye yule ambaye jina likiitwa darasani naitikia kwa sauti ya mbu. (Nimewahi kuandikwa mtoro nikiwa nimekaa dawati la mbele kabisa.) Sasa leo shuleni kulikuwa na mdahalo: "Ni kodi ipi ifutwe?" Msemaji wa darasa letu ni Salma. Salma ameamka na jino, shavu kama kitumbua. Mwalimu Kondo akaanza kuangaza macho kutafuta mtu wa kuziba pengo. Mimi haraka nikainama kufunga kamba za viatu.

Viatu vyangu havina kamba.

"Zuhura, umeshuka huko chini kutafuta hoja? Haya, panda nazo mbele."

Jamani!

Kwenye meza ya majaji alikaa mgeni mmoja. Bwana mnene, kanzu nyeupe, koti, na miwani ya jua humohumo ndani. Mwalimu Kondo alimtambulisha kwetu kuwa ni baba yake mkubwa, katokea Mkange, ana shughuli yake huku kwetu baada ya alasiri, akaona apumzike shuleni kuliko kuzurura juani. Akapewa kalamu, akafanywa jaji. Alivyojiegemeza kwenye kiti nikasema huyu atalala sasa hivi.

Laiti angelala.

Msemaji wa kwanza akafuta ushuru wa samaki. Wa pili akafuta makato ya kutuma pesa kwa simu, madawati yakagongwa mpaka vumbi likaruka. Wa tatu akafuta ushuru wa mwani. Hoja yangu hiyo! Mama yangu analima mwani hapa Mlingotini, ndicho kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho. Nikapanda mbele sina hoja. Nikawatazama watu. Watu wakanitazama. Mtu akakohoa.

Sasa kichwani mwangu wiki hii hamna kitu isipokuwa posa ya Dada Mwanahamisi. Nyumbani hatulali, hatuli, ni posa tu. Washenga wa Rajabu, huyo mchumba wake, walikuwa waje leoleo. Dada anampenda Rajabu mpaka anaunguza wali. Na Shangazi Tatu, dada yake baba, kahamia kwetu kusimamia shughuli, anapanga kila kitu ambacho upande wa mume lazima watoe. Basi nikafungua mdomo, yakatoka hayohayo.

"Kodi inayotakiwa kufutwa," nikasema, "ni kodi ya kuoa!"

Ukumbi ukalipuka. Sijawahi kupigiwa makofi tangu nizaliwe, ndugu zangu. Kumbe yanalevya! Nikashika meza.

"Mwanamume ameshatoa mahari. Mahari ni haki, hiyo siigusi. Lakini bado anadaiwa mkaja wa mama. Kilemba cha baba. Akifika siku ya harusi anaambiwa atoe kiosha miguu, na miguu ni yake na ameshaiosha kwao! Akifika mlangoni kwa bibi harusi, kifungua mlango! Hata mpakani hawamsimamishi mtu hivyo. Na risiti hapewi. Akidai risiti, mlango haufunguliwi!"

Watu wanalia kwa kucheka. Mwalimu Kondo kaficha uso kwa daftari. Hapo mtu mwenye akili angeshuka.

Sikushuka.

"Mimi nina shangazi yangu," nikaendelea (Zuhura, nyamaza!), "huyo ndiye mamlaka ya mapato ya ukoo." Nikajifunga kanga ya kufikirika kiunoni, nikaibana sauti kama yeye: "Mlango huu haufunguki kwa salamu, mwanangu! Ingiza mkono mfukoni!"

Yule mgeni akavua miwani. Akanitazama vizuri. Kisha akaanza kuandika, anaandika, anaandika. Nikajisemea, maksi hizo!

Nikashinda. Mimi! Yule bwana akanipa mkono mwenyewe: "Mwanangu, umenifumbua macho. Wallahi, leo umenisaidia kazi."

Sikumuuliza kazi gani.

Nimerudi nyumbani nikielea. Baada ya alasiri wageni wakafika, wanaume wakakaa ukumbini na baba, sisi wanawake chumbani nyuma ya pazia. Dada Mwanahamisi kanishika mkono mpaka vidole vimekufa ganzi. "Zuhura, Shangazi asije akawakazia wakaondoka," ananinong'oneza. Mimi nipo jikoni na chumbani, napanga bilauri za sharubati ya ukwaju kwenye sinia.

Mshenga akaanza kuzungumza. Sauti nikaona kama naijua. (Nikapuuza. Sauti za wazee wanene zinafanana.)

"Mahari mliyotaja tumeipokea bila neno. Ila haya mengine, mkaja, kilemba, kiosha miguu, kifungua mlango, tunaomba tuwasilishe hoja. Leo nimemsikia mtaalamu mmoja akithibitisha kuwa hizi ni kodi zisizo na risiti."

Nikaliweka sinia chini. Taratibu.

"Mtaalamu gani?" Shangazi akafoka nyuma ya pazia. "Mtaalamu gani huyo asiyejua mila za watu?"

"Tena akasema anaye shangazi yake, ndiye mamlaka ya mapato ya ukoo."

"Kamtukana shangazi yake mbele za watu? Mtoto wa nani huyo? Ningekuwa mimi ndiye shangazi mtu, angenitambua! Zuhura! Hebu peleka sharubati, koo za watu zimekauka."

Nikamwambia naumwa tumbo. Akanisukuma.

Nikaingia. Kanzu, koti, miwani ya jua.

"Shikamooni," kwa ile sauti yangu ya mbu.

"Marahaba, mheshimiwa!" Yule bwana kainuka kabisa kwenye kiti, mikono wazi, uso umejaa furaha. "Ndiye huyu! Wallahi, ndiye mtaalamu wetu huyu! Kumbe ni binti wa humuhumu?"

Nikalitua sinia mezani, ukwaju ukamwagika.

Baba akanitazama. Pazia likafunguka. Shangazi Tatu kasimama, kanga kiunoni, vilevile nilivyomwigiza.

"Mimi," akasema taratibu, "ndiye mamlaka ya mapato?"

Nyuma yake nikamwona dada, macho yamejaa machozi. Nikajua nimemvunjia ndoa kabla haijafungwa. Nikataka kusema samahani, sauti ikakataa. Asubuhi ilikuwa imejaa tele!

Shangazi akawageukia wageni.

"Basi isikilizeni mamlaka. Mkaja mtatoa. Kilemba mtatoa. Kiosha miguu mtatoa, tena kwa miguu yote miwili." Akavuta pumzi. "Ila kifungua mlango, kwa heshima ya mtaalamu wetu hapa, nimekifuta. Siku ya harusi mlango mtaukuta wazi."

Yule bwana akapiga paja. "Tumepokea! Tumepokea kwa mikono miwili!" Baba akaanza kucheka, wageni wakacheka, fatiha ikasomwa. Dada akanikumbatia mpaka ushungi ukanivuka.

Watu wote wamefurahi, isipokuwa mtu mmoja.

Maana kwetu anayesimama mlangoni siku ya harusi, akadai, akapokea kifungua mlango, ni mdogo wake bibi harusi. Mdogo wa Mwanahamisi ni mmoja tu. Nimeisubiri siku hiyo tangu niko madrasa. Viatu vya kisigino nimeshavichagua pale dukani Bagamoyo mjini, na mwenye duka nimemwambia aniwekee.

Shangazi alipita jikoni nikiosha bilauri. "Mlango haufunguki kwa salamu, eeh?" akasema, akaondoka anaimba.

Nyongeza, Ijumaa asubuhi. Leo, kwa mara ya kwanza maishani, nimemfuata mwalimu kwa miguu yangu mwenyewe, kabla hata ya kengele ya mstarini. Nimemwomba Mwalimu Kondo mada ile irudiwe, na mimi anipange upande wa kutetea kodi.

"Zote?"

"Hapana, mwalimu. Ya mlango tu."

Akauliza nina hoja gani nzito. Nikamwambia ninayo moja, ina visigino, iko dukani inanisubiri.

Amecheka mpaka amekaa chini. Nyinyi basi msicheke, nawaomba.