Besi za Mama Mkwe

Jumatano asubuhi Evelio Charris alikuwa akikatiza mtaa wa Rebolo mjini Barranquilla, soli ya kiatu cha kulia ikimpigia makofi, aliposikia jambo ambalo mtu mwingine asingelisikia. Alisikia kwamba besi haipo. La Suegra, yaani Mama Mkwe, ile picó ya doña Nidia Barraza, mtambo wa muziki wa mtaani wenye spika kubwa kama makabati ya nguo, iliyopewa jina hilo kwa sababu ikianza kusema hakuna mwingine anayesikika, ilikuwa ikitoa kijisauti cha nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Evelio alisimama, akavua kofia kama mtu aliyekutana na mazishi, kisha akatabasamu.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya kanivali. Jumamosi saa kumi Mama Mkwe ilitakiwa kupambana na El Obispo, picó ya don Abundio Ripoll, lakini amplifaya ya sabufa za Mama Mkwe ilikuwa imeungua. Mtaa mzima ulijua. Shida za watu zilimgusa sana Evelio, hasa zile zenye faida.

Tena na yeye alikuwa na yake. Alikuwa amechoka kutembea. Don Abundio alikuwa na pikipiki nyekundu, na alishatangaza hadharani kwamba ataitoa kwa yeyote atakayemletea ile santuri ya Kiafrika ambayo doña Nidia huipiga kila Jumamosi saa kumi. Hakuna aliyejua jina la wimbo, kwa sababu mwenye picó akipata santuri nzuri hukwangua lebo mpaka ibaki nyeupe, mpinzani asijue mwimbaji ni nani wala pa kuitafuta. Barranquilla nzima imelelewa hivyo. Mtu wa huko akiona kitu kimekwanguliwa jina, haulizi kingine, ni hazina.

Evelio akaingia kazini. Kwanza aliazima kigoda cha plastiki kwenye ukumbi wa biliadi, bila kuwasumbua wenyewe kwa kuwaomba. Kigoda hicho alikipeleka kwa don Lácides, karani mstaafu wa forodha, ambaye kwa miaka kumi alikuwa ameweka chungu cha maua juu ya risiva ya zamani ya sebuleni, redio yenye amplifaya ndani yake, yenye vitufe vya rangi ya fedha na uzito wa mbuzi. Evelio alimweleza kwa masikitiko kwamba maua yakikaa juu ya chuma hupata joto na huzuni. Jina la ukumbi wa biliadi lilikuwa limeandikwa katikati ya kigoda kwa rangi nyekundu, lakini aliliacha, kwa kuwa don Lácides haoni vizuri. Mzee akayaonea huruma maua yake, wakabadilishana.

Alasiri hiyo Evelio alikaa na kisu na asetoni ya kucha. Akakwangua jina la kampuni mbele, akakwangua namba nyuma, akakwangua hata maandishi ya kuonyesha kitufe cha kuwashia ni kipi. Kisha akaifunika kwa shuka jeupe na kuibeba hadi kwa doña Nidia.

"Mama, sikuja kuuza," alisema. "Nimepita tu kuaga. Hii kesho inaondoka kwenda Cartagena."

Doña Nidia, mjane wa miaka sitini mwenye mikono minene, alikuwa amekaa kizingitini anakula arepa, kimkate cha mahindi chenye yai ndani. "Nani kafa?" aliuliza, huku akitafuna.

"Fundi mmoja wa meli, Mjerumani. Alikuwa anawatengenezea wakubwa tu. Ukiinua hilo shuka, mama, utakachokiona kibaki kwako."

Aliinua. Akaona pale mbele, palipopaswa kuwa na jina, pamekwanguliwa pakawa peupe. Akaacha kutafuna.

"Nani kaikwangua?"

"Mwenyewe, kabla hajakata roho. Mkono ukimtetemeka."

"Mbona inanuka asetoni mpaka leo?"

"Wajerumani ni watu wasafi, mama."

Doña Nidia aliweka arepa pembeni. Aliinua risiva kwa mikono miwili, akaguna, akaishusha. Akafungua kifuniko kwa bisibisi na kuchungulia transfoma kubwa iliyojaza nafasi yote humo ndani. Aliunganisha sabufa moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia, akazungusha trebo hadi chini kabisa na besi hadi juu. Spika ndogo aliziacha kwenye amplifaya iliyosalia, risiva isibebe mzigo usio wake. Evelio, aliyejua jambo moja tu kuhusu umeme, kwamba hukatika, alianza kupima umbali wa kutoka alipo mpaka mlangoni.

Besi ikaingia. Kwanza ilitikisa vikombe vya jirani, halafu mabati, halafu kifua cha Evelio mwenyewe. Mbwa wa nje alihama upande wa barabara. Baada ya dakika kumi risiva ikafanya tk, ikazima, na Evelio akafumba macho. Doña Nidia aliipapasa mgongoni, akaona inachoma, akaleta feni ya chumbani akaielekeza pale, akawasha tena. Haikuzima tena.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Pesa marehemu alikataza. Ile santuri ya saa kumi tu."

Doña Nidia alipunguza sauti ya muziki. Santuri ile mumewe aliipata bandarini kwa baharia mmoja, na ndiyo aliyomchumbia nayo. Machozi yalimlenga na hakuyaficha.

"Rudi kesho, mwanangu," alisema. "Niache nikae nayo usiku mmoja wa mwisho."

Evelio alimwonea huruma ya kweli, kwa muda wa kama nusu dakika.

Kesho yake don Abundio aliipokea santuri ikiwa imefungwa kwenye taulo, akaisikiliza mara tatu. Msomaji, wewe ungeielewa mara moja: ni bwana afya, nyuma yake magitaa mawili na tarumbeta, akiwahimiza wananchi kwa Kiswahili safi wachemshe maji ya kunywa na wafunike visima. Don Abundio alifumba macho, akasema ni wazi mtu huyu amesalitiwa na mwanamke. Kisha akatoa pikipiki.

Evelio aliizunguka kwa mapenzi. Karibu na usukani, pale panapokaa namba ya chasisi, akaona pamekwanguliwa.

"Don, hapa vipi?"

"Kwani wewe wa wapi?" alisema don Abundio. "Kitu kizuri nani anakiacha na jina lake?"

Evelio aliona aibu kwa kuuliza. Alipanda, moyo umemjaa furaha, na viatu vyake vikapumzika.

Jumamosi saa kumi alikwenda kutazama pambano akiwa juu ya pikipiki. El Obispo ikafungua kwa bwana afya, na don Abundio akanyoosha mikono juu kama aliyekwisha kushinda. Lakini upande wa pili Mama Mkwe ikaitikia kwa wimbo uleule, chini yake besi ya kutikisa meno, maana doña Nidia usiku wake wa mwisho aliumaliza na kinasa sauti na kaseti. Watu walihamia kwake wote. Evelio alicheka mpaka hakuona mkono wa trafiki uliomsimamisha.

Trafiki aliinama, akapitisha kidole gumba karibu na usukani.

"Namba iko wapi?"

"Imekwanguliwa, mkuu. Ndiyo uzuri wake."

"Naona. Mwenyewe alikuja kituoni wiki iliyopita, analia. Wewe umeipata wapi?"

"Nilibadilishana na santuri."

"Na santuri?"

"Na risiva."

"Na risiva?"

Evelio akakikumbuka kigoda cha ukumbi wa biliadi. Maisha yake yote hakuwahi kukosa uongo, na siku hiyo hata ukweli haukumfaa.

Gari la kituo la kumchukua lilikuwa limekwama katikati ya wachezaji, ikabidi wasubiri. Trafiki hakuwa mtu mbaya. Alimwomba mzee mmoja mwenye macho hafifu, aliyekuwa akitazama wachezaji hapo pembeni, amwazimishe mtu huyu pa kukaa, akarudi na kigoda cha plastiki. Evelio aliyaona maandishi mekundu katikati, akawahi kuyakalia. Akatulia hapo, soli ya kulia ikifuata besi, mtaa mzima ukihimizwa kuchemsha maji.