Mahindi Yasiyoogopa Dawa

Jumanne, 3 Juni 2025

Mke wangu Nekoye ametoa amri kabla hata ya chai. Palizi ya pili iishe kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Mama yake anakuja kutoka Kimilili na ndama jike. Akiridhika na shamba, ndama atabaki. Asiporidhika, atarudi naye. Nekoye amemngoja ndama huyo miaka sita. Mama mwenyewe alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba mimi siwezi kulisha hata kuku. Kuku!

Robo tatu ya ekari, na yote imejaa sangari, magugu yenye mizizi kama kamba. Mgongo ulianza kuniuma nikiwa bado kitandani.

Jirani yangu Kiptanui amemaliza yake. Siku nne na jembe, mistari imenyooka kama reli. Akaniita kwenye ua: "Wanyonyi, boss, wewe bado?" Nikajifanya naongea na simu.

Kazini, kituo cha utafiti ng'ambo ya barabara. Mimi ni mlinzi wa mbelewele. Watu hucheka, lakini ndiyo kazi yenyewe. Kituo kilipanda mahindi ya GMO mapema, kwa maji ya mipira. Mwezi wa nne waliyapiga dawa ya magugu, shamba zima, bila huruma. Magugu yalikufa. Mahindi hata hayakukohoa. Sasa yametoa mbelewele, yale mashada ya juu, na kila shada limevalishwa mfuko wa khaki. Nahakikisha hakuna unaopeperuka.

Leo nilimuuliza Daktari Wawira mifuko ni ya nini. Akasema ule unga wa njano, chavua, ndio hubeba tabia ya kuvumilia dawa. Upepo ukiupeleka kwa mahindi ya jirani, ni balaa.

Balaa? Jirani ni mimi! Githeri yangu ya mchana, mahindi na maharagwe, ilinishinda kuila kwa furaha.

Jumatano, 4 Juni

Nimechukua mfuko mmoja. Mmoja tu! Mstari wa kumi na mbili. Nikavalisha mwingine kutoka stoo.

Nyumbani nikatwaa brashi ya poda ya Nekoye, nikayapaka mahindi yangu chavua, jani kwa jani. Yamenifika kiunoni, kwa hiyo kazi haikuwa mbaya. Chavua ikaisha mstari wa tatu. Masalio nikayakoroga na maji kwenye ndoo, nikanyunyizia shamba lote kwa ufagio. Akili ni mali.

Kiptanui alichungulia, akauliza nafanya nini. Nikamwambia nabariki shamba. Akavua kofia.

Alhamisi, 5 Juni

Leo zamu si yangu, na Nekoye kaenda sokoni Subukia. Nikaenda agroveti, duka la dawa za kilimo, nikaomba dawa ile ile ya kituo. Mama wa duka aliniuliza mara mbili kama shamba lina mahindi. Nikasema lina. Akasema basi nisiguse hiyo, inaua chochote cha kijani. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ni mtu wa utafiti.

Pampu ya mgongoni nimeazima kwa Kiptanui. Jua lilikuwa kali. Nikavua koti la kazi, nikalivika hindi moja katikati ya shamba, nikapiga dawa kila mahali. Saa moja na nusu tu, kazi kwisha! Saa sita nilikuwa nimelala mkekani.

Nekoye akarudi, akauliza nani amepalilia. Nikajibu: sayansi. Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yakikaribia kuchemka.

Jumapili, 8 Juni

Magugu yananyauka. Ushindi! Mahindi nayo yana unjano kidogo. Nimemwambia Nekoye ni chavua inaingia mwilini. Kanisani nilimpa Kiptanui pole mbele ya watu kwa malengelenge yake.

Jumatano, 11 Juni

Unjano umekuwa kahawia. Shamba zima.

Nekoye hakupiga kelele. Aliuliza tu tutakula nini mpaka mwaka mpya. Heri angepiga kelele. Nilitaka kulia, nikaenda chooni.

Asubuhi ilikuwa baridi, nikakumbuka koti. Nililikuta bado limevaliwa na lile hindi. Nikalivuta bila kutazama, nimechelewa. Kazini Daktari Wawira akaniomba kalamu. Nikaitoa mfukoni. Ikatoka na mfuko wa khaki, namba kumi na mbili.

Nilikiri yote, hata brashi. Akaja na faili mpaka kando ya shamba langu, maana mahindi yaliyoguswa na chavua ile lazima yang'olewe na kuchomwa. Akatazama. Akafunga faili. Akasema nimemrahisishia kazi. Kisha akanieleza kwamba chavua haibadilishi hindi lililosimama. Inaingia kwenye punje, na utaiona ukizipanda punje hizo msimu mwingine.

Si angeniambia hilo Jumanne?

Hakunifukuza. Amenihamishia kipande cha kulinganisha, ambacho hakipigwi dawa kamwe. Kinapaliliwa kwa jembe.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya aibu. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Ni heshima. Akija, mimi hutoka mlango wa nyuma, nainama, napita katikati ya mahindi hadi barabarani.

Leo nikatoka. Nikainama. Nikafika katikati ndipo nikakumbuka hakuna mahindi. Mabua yamelala chini, na mama mkwe yuko langoni na ndama wake, ananitazama matako. Alijifunika uso kwa leso, Mungu ambariki. Nikatambaa hadi kwa Kiptanui, penye kijani.

"Karibu, boss," akasema. "Hapa kuna majani ya kujificha."

Nikiwa mle niliusikia uamuzi wa mama mkwe. Ndama harudi Kimilili, ila hawezi kuachwa penye njaa. Atatunzwa kwa Kiptanui mpaka mkwe ajifunze kulisha kuku. Kiptanui naye akamwahidi Nekoye magunia manne ya mahindi, mimi nimpalilie msimu ujao. Kwa jembe, alisema, na akarudia. Nekoye akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Nilifurahi kumsikia, ingawa alikuwa ananicheka mimi.

Jumatatu, 16 Juni

Muujiza!

Nilienda kukusanya mabua. Katikati kabisa ya shamba, pale pale nilipotundika koti, hindi moja limesimama. Jumamosi nilipita nimeinamisha kichwa, sikuliona. Kijani! Nene! Nikapiga magoti. Limevumilia! Daktari Wawira na faili lake hawajui kila kitu.

Nekoye amekuja kuliona. Ameliwekea samadi, akasema angalau hilo moja tutachoma. Hajui anatazama nini. Hii ni mbegu ya shamba zima, na ya ndama kurudi nyumbani.

Ila mtafiti haamini jambo mara moja. Jaribio hurudiwa. Pampu ya Kiptanui ningali nayo, na chupa ina dawa nusu. Nalipiga sasa hivi, kipimo mara mbili. Koti nimeliacha nyumbani, lisinisumbue.