Miraba Mia Tatu na Sitini

Jumatatu, 3 Machi
Tajiri ametangaza: karakana yake ya mawe ya makaburi haiwezi tena kubeba mafundi wawili. Abaki mmoja. Kipimo ni jiwe la marehemu mama yake, linalosimikwa Jumamosi. Mimi nichore kwa kompyuta, mzee Patasi kwa mkono. Patasi ana miaka ishirini kazini. Mimi nina cheti. Maskini Patasi!

Jumanne, 4 Machi
Mpango: mchoro wa konokono. Unachora mraba, unanakili, nakala unaizungusha nyuzi tano na kuipunguza kidogo, kisha unabonyeza kitufe kilekile mpaka uchoke. Sikuchoka. Miraba mia tatu na sitini! Kwenye skrini ni kama kisima kisicho na mwisho. Patasi akachungulia, akauliza kwani marehemu alitumbukia? Wivu. Nikamwambia, mzee wangu, hizi ni hesabu. Akasema sawa mwanangu, ila mchanga tunaopuliza kuchonga jiwe haukusoma hesabu.

Jumatano, 5 Machi
Tajiri ameona mchoro akafuta machozi. Mama yake alikuwa mfumaji, angeupenda. Nimeshinda! Patasi amalize mwezi, aondoke. Akaniomba nijaribu kwanza kwenye kipande cha jiwe. Nikamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani.

Alhamisi, 6 Machi
Mashine imekata mchoro kwenye mpira wa kufunikia jiwe, ili mchanga ule palipo wazi tu. Mistari imebanana mno. Nilipobandua mmoja, ikang'oka yote, vipande kama kucha. Nimevirudisha kwa gundi, kimoja kimoja, saa sita nzima. Kumi na kimoja sivioni. Mke wangu kasema nimwite Patasi. Yaani nimwite niliyemng'oa?

Ijumaa, 7 Machi
Nimepuliza mchanga. Mpira wote uliruka kama ndege waliotishwa. Jiwe limekuwa bakuli. Jina limeliwa, imebaki herufi moja na mwaka wa kufa. Jiwe jingine hakuna. Mpango: nimelifunga shuka jeupe na kamba. Nimemwambia Tajiri uzuri hauonyeshwi kabla ya siku yake.

Jumamosi, 8 Machi
Limefunuliwa. Dada yake Tajiri akauliza, mama yuko wapi? Nikaeleza kwamba ni mtindo wa kisasa, bakuli la kumbukumbu. Hakuna aliyecheka. Tajiri hakunifokea, heri angenifokea. Alipiga magoti, akapitisha kidole pale jina lilipokuwa, mara mbili, kama kipofu. Kisha akamwambia Patasi, kaka, nisaidie. Patasi akalichonga jina mgongoni mwa jiwe, palepale, watu wote wakiwa wamesimama. Herufi wima, bila urembo. Walilia upya. Mimi nilidaiwa funguo za karakana getini.

Jumapili, 9 Machi
Nimelitafakari kosa langu kwa uaminifu. Nyuzi tano zilikuwa nyingi! Nyuzi mbili, miraba mia saba. Baba mkwe anakohoa tangu asubuhi. Nimemwomba mke wangu anitajie jina kamili la baba yake na mwaka wa kuzaliwa. Amejifungia chumbani. Si neno. Nitamuuliza shemeji.